Siku 90 za Baba: Niliyojifunza Nikilea Mtoto Göteborg

Binti yetu alizaliwa Göteborg, Uswidi, mwezi wa Aprili. Kuanzia Januari iliyofuata hadi chekechea zilipofunguliwa Agosti, mimi ndiye niliyekaa naye nyumbani, mama yake akarudi kazini. Tangu wakati ule nimekuwa nikipigiwa simu na akina baba walioko hapa Uswidi, Tanga, Mombasa na hata Muscat, wakiuliza inawezekanaje na hasara yake ni nini. Wapo pia akina mama wanaoniomba niongee na waume zao. Nimeona niandike ilivyokuwa, pamoja na hela iliyotupungukia na maneno tuliyoyasikia, ili anayejiandaa asiingie gizani.

Mimi ni wa Tanga, mke wangu ni wa Mombasa. Kwetu sote wawili uzazi una watu wake. Mama anakuja, au binti anarudi kwao. Anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa na mikono iliyozoea, na arubaini inaisha mzazi ameshapata nguvu. Baba anatafuta fedha, jioni anakuja kuchungulia. Nasi tulipanga hivyo hivyo. Mama mkwe akaomba viza, haikutoka. Tukabaki wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili, na mtoto njiani.

Uswidi humpa baba siku 10 za kuwa na mkewe mtoto anapozaliwa, mbali na likizo ya malezi yenyewe. Siku hizo nilimkanda mke wangu mwenyewe. Mama mkwe alikuwa akimwelekeza binti yake kwa simu, na mke wangu ananielekeza mimi, maana kwa heshima yetu mama hakuweza kuniambia mambo yale moja kwa moja. Taulo linachovywa, linakamuliwa, linabanwa tumboni, halisuguliwi. Nilijifunza pia kumsubiri mtoto acheue kabla sijamlaza. Nilipomaliza zile siku nikarudi kazini, na kila nilipotoka asubuhi niliona aibu kumwacha mwenzangu peke yake na kazi niliyokwisha kuijua uzito wake.

Likizo yenyewe tulikuwa tumeipigia hesabu mapema. Kwa kila mtoto wazazi wawili hupewa siku 480 zenye malipo, 240 kwa kila mmoja. Siku 390 hulipwa kwa kufuata kipato, karibu asilimia 80 ya mshahara, na kuna kikomo cha juu. 90 zilizobaki hulipwa krona 180 tu kwa siku. Mzazi anaweza kumhamishia mwenzake siku zake, isipokuwa 90 za zile zinazofuata kipato. Hizo ni zake peke yake. Asipozichukua, hakuna mwingine wa kuzichukua.

Mimi nilikuwa na ajira ya kudumu kwenye ghala karibu na bandari. Mke wangu alikuwa akitunza wazee, lakini kwa mkataba wa saa: anaitwa pakikosekana mtu, siku nyingine anakaa bila kazi. Kwa hiyo kalamu ilisema wazi kwamba mwenye kipato kidogo ndiye akae nyumbani, kwa kuwa hapo familia inapoteza kidogo. Nyumba nyingi duniani hufanya hesabu hiyo, na kwa mwaka ule mmoja huwa sahihi. Kasoro yake huja baadaye. Aliyekaa nyumbani hapandi cheo, anarudi kazini nusu siku, mchango wake wa pensheni unakuwa mwembamba. Mtoto wa pili akija, kalamu inatoa jibu lile lile, safari hii kwa pengo kubwa zaidi. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake kwa kukusudia, na bado uzeeni mmoja anakuwa na chake, mwingine anasubiri kupewa.

Zile siku 90 ndizo zilizotukwamua. Hatukuweza kumhesabia mke wangu kwa sababu hazikuwa zake. Na tulipokubali kwamba lazima nikae nyumbani miezi mitatu, swali lililofuata likawa jepesi: kwa nini isiwe zaidi?

Baadaye ndipo nilipojua kwamba sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu kama mimi hasa. Uswidi ilianza mwaka 1971 kumtoza kila mwanandoa kodi yake mwenyewe, mshahara wa mke usihesabiwe juu ya wa mume. Mwaka 1974 ikawa nchi ya kwanza duniani kuigeuza likizo ya mama kuwa likizo ya wazazi wote wawili. Wengi walidhani akina baba wataikimbilia. Mwaka ule wa kwanza walichukua nusu ya siku moja katika kila siku 100. Serikali ikabandika mabango, likiwemo lile maarufu la Lennart Dahlgren, mnyanyua vyuma mwenye kifua kama mlango, kapakata kitoto kichanga. Mabango hayakutosha. Mwaka 1995 ukatengwa mwezi mmoja usiohamishika, mwaka 2002 ukaongezwa wa pili, na 2016 wa tatu. Leo akina baba huchukua takriban siku 30 katika kila 100. Bado si nusu, na wanawake wa hapa bado hufanya kazi za muda mfupi kuliko wanaume na kustaafu na pensheni ndogo. Anayekuambia Uswidi wamemaliza suala la usawa hajakaa nao.

Sasa fedha, maana ndiyo watu huuliza kwa sauti ya chini. Kipato chetu kilipungua. Mwajiri wangu alikuwa na mkataba na chama cha wafanyakazi unaomwongezea mzazi kiasi fulani juu ya posho ya serikali, na nisingejua kama mwakilishi wa chama asingenionyesha kifungu chenyewe. Uliza mapema, hakuna atakayekufuata kukuambia. Lakini pigo kubwa halikuwa la humu ndani. Sisi tulio nje tuna familia mbili, ya hapa na ya nyumbani. Nilikuwa nikimlipia mdogo wangu ada na kutuma kitu kila mwezi. Ilibidi niwapigie ndugu zangu, miezi kadhaa kabla, niwaambie kiasi kitapungua hadi Agosti na kwa nini. Mmoja aliniambia sijapungukiwa, nimepumbazwa tu. Iliniuma, maana ni ndugu ninayempenda. Hata hivyo nashukuru nililisema kabla hela haijapungua. Wenzangu waliokaa kimya, nyumbani wakaona kiasi kimeshuka bila maelezo, walionekana wabinafsi, na lawama zote zikamwangukia mke.

Januari ilipofika, siku ya kwanza mke wangu alilia kituo cha basi. Mimi nililia saa mbili baadaye, mtoto naye analia. Alikuwa na miezi tisa, anataka ziwa, na mimi sina. Nilikuwa na maziwa yaliyokamuliwa kwenye friji na uji wa chupa wanaouita välling, mwepesi, wa maziwa na nafaka. Alivikataa vyote. Nikachukua leso ya mama yake, ile aliyolala nayo, nikaifanya mbeleko, nikamfunga mgongoni. Nikazunguka sebuleni hadi akapitiwa na usingizi. Majuma yale ya mwanzo alilala mgongoni kwangu, wala si kitandani.

Na ni majira mabaya ya kuanzia. Januari jua la Göteborg linachomoza karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Kumvalisha mtoto kwenda nje ni kazi yenyewe: soksi za sufu, suruali mbili, ovaroli la manyoya, kofia, glavu, ukimaliza anajisaidia, unaanza upya. Siku nyingine sikuzungumza na mtu mzima yeyote tangu asubuhi hadi mke wangu aliporudi. Nilielewa kwa nini mama wengi walioko ughaibuni huingiwa na huzuni isiyo na jina, na kwa nini mume anayerudi akiuliza "leo umefanya nini?" hujibiwa kwa hasira. Kilichoniokoa ni chekechea ya wazi, mahali ambapo mzazi aliye likizoni huingia bure na mtoto wake, bila kujiandikisha, wakaimba, wakacheza, wakanywa kahawa. Nilikuta akina baba pale. Mmoja fundi umeme, mwingine mwalimu, wanaulizana kuhusu meno na usingizi kama watu wanaoulizana kuhusu mpira. Nenda wiki ya kwanza. Mimi nilichelewa kwa sababu Kiswidi changu kilinitia haya, na hakuna aliyejali.

Mke wangu naye ilibidi ajifunze kuachia. Alikuwa akipiga simu kutoka kazini kuuliza kama nimempaka mafuta, nimemvalisha ipi, amekula nini. Tuligombana. Nikamwomba aniache nikosee, kwa kuwa kila aliponisahihisha nilikuwa nikirudi kuwa mgeni ndani ya kazi yangu. Aliacha, na haikuwa rahisi kwake. Usiku mmoja mtoto aliamka, akampita mama yake, akatambaa kuja kwangu. Niliona uso wa mke wangu. Tulizungumza hadi usiku sana, kuhusu mambo aliyokuwa anaogopa kunyang'anywa. Mume anayetaka kulea ajue kwamba anaingia mahali ambapo mwenzake amepewa heshima tangu utoto wake. Aingie kwa adabu.

Na kuna kazi ambayo huioni mpaka iwe yako. Kuosha chupa na kubadilisha nepi nilikuwa nafanya hata kabla. Lakini tarehe ya chanjo, viatu vimeshabana, upele huu umeanza lini, dawa ya homa imebaki kiasi gani, vyote vilikaa kichwani kwa mke wangu. Kufika Machi vilikuwa kichwani kwangu, na muuguzi wa kliniki ya watoto alipouliza swali aliniangalia mimi. Mke wangu aliniambia kwamba siku hiyo ndipo alipohisi amerudi kazini kweli. Majira yale ya kuchipua ilitangazwa nafasi ya kudumu pale kazini kwake, akaomba, akapata. Angekuwa nyumbani, nafasi ingempita.

Mama yangu alipiga simu ya video mchana mmoja, akaniona mtoto yuko mgongoni, nakoroga uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mkeo anaumwa?"

"Hapana mama, yuko kazini."

"Na wewe wamekufukuza?"

Nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu. Marafiki zangu wa Tanga walikuwa wameshasema kwamba nimelishwa limbwata, nikajiandaa kusikia kama hilo. Mama akasema: "Mimi wewe nilikulea nikichoma vitumbua. Arubaini ilipoisha nilikuwa barazani, wewe mgongoni, mafuta yanachemka. Hakuna aliyeniuliza likizo." Hakulaumu; alikuwa anaeleza ilivyokuwa. Tangu siku hiyo maneno yake yamekaa nami kuliko ya marafiki.

Maana sheria za kwetu hazimfikii mama wa vitumbua. Tanzania, kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, mama aliyeajiriwa hupata siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3, ambazo lazima azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya, kwa sheria ya 2007, mama ni miezi mitatu na baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Uganda ni siku 60 za kazi kwa mama na 4 kwa baba. Zote hizo ni za mwenye mwajiri. Muuza samaki, mkulima, dereva wa bodaboda na mkewe hawamo, na hao ndio wengi wetu. Shemeji yangu aliyeko Muscat alinishangaza aliponiambia kwamba sheria mpya ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 inampa mama siku 98 na baba 7. Tumezoea kudhani sisi tuko mbele yao katika mambo haya.

Wala wingi wa siku peke yake si dawa. Japani huruhusu baba likizo ndefu hadi mtoto afikishe mwaka, na kwa miaka mingi karibu hakuna aliyethubutu. Mwaka 2023 ndipo wanaochukua walipofika asilimia 30.1, tena wengi kwa muda mfupi. Ofisini mtu anaogopa kuonekana hajali kazi. Norwei iliona hilo mapema, ikatenga wiki 4 za baba mwaka 1993, kabla ya Uswidi. Aisilandi, ambako tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake 9 katika kila 10 waliacha kazi za ofisini na za nyumbani kwa siku nzima, sasa inampa kila mzazi miezi 6, na wiki 6 tu ndizo zinazohamishika. Rwanda wanawake wamezidi asilimia 60 ya wabunge, fahari ya Afrika nzima, na naifurahia. Ila najiuliza, mbunge yule anapotoka kikaoni jioni, nani amemlisha mtoto wake? Kama ni dada wa kazi anayelipwa kidogo, mzigo umehamia kwa mwanamke mwingine tu.

Kwa mlioko Uswidi, haya ndiyo yaliyowagharimu watu ninaowajua. Posho ya siku za mwanzo hufuata kipato ikiwa tu umefanya kazi mfululizo siku 240 kabla ya tarehe ya kujifungua inayotarajiwa; la sivyo unalipwa krona 250 kwa siku. Kama mnapanga mtoto na mama yuko kwenye mkataba wa saa, pigeni hesabu hiyo kwanza. Mwajiri mpe taarifa miezi miwili kabla, kwa maandishi. Kabla mtoto hajatimiza mwaka unaweza kuchukua siku chache kwa wiki ili zidumu, lakini akishatimiza, mzazi aliye nyumbani asiyechukua siku tano kwa wiki anashushiwa kipato kinachotumika kukokotoa mafao yake. Dada mmoja kutoka Burundi alichukua siku tatu tatu kwa kubana matumizi. Alipougua baadaye, posho ya ugonjwa ilikokotolewa kwa kipato cha chini kabisa. Na mtoto akitimiza miaka minne, siku zinazoruhusiwa kubaki ni 96 tu. Jamaa yangu mmoja Mkongomani alizihifadhi zake kwa ajili ya safari ndefu ya Lubumbashi. Safari ikaahirishwa, na nyingi zikafutika.

Pensheni pia msiisahau. Mzazi mwenye kipato kidogo huhesabiwa nyongeza kwa miaka ya kwanza ya mtoto, na waliofunga ndoa wanaweza kuhamishiana sehemu ya pensheni inayowekezwa. Sisi tumejaza fomu hiyo, ya kwangu inakwenda kwa mke wangu, maana miezi yake tisa nyumbani ilikuwa mirefu kuliko yangu, bado hujahesabu mimba.

Na kwa mlioko nyumbani, nawaeleza mnavyoweza kufanya kupitia mfano wa mdogo wangu wa mwisho, aliyeajiriwa Tanga na mkewe anajifungua karibuni. Siku 3 za baba ziko kisheria, aziombe kwa maandishi mapema, asisubiri siku yenyewe. Likizo yake ya mwaka ni siku 28, na amekubali kuitumia kwa malezi badala ya kuitunzia Desemba. Wamepanga na mkewe kwamba mama mkwe akae naye arubaini, kisha akiondoka ndipo likizo ile ndefu ianze, ili zamu yake imkute akiwa peke yake na mtoto mkewe anapotoka. Mkewe akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Wengi hawaombi, wengine huambiwa haiwezekani. Mdogo wangu ameshakipiga picha kifungu cha sheria, kimo kwenye simu ya mkewe. Fomu ya likizo ameijaza juzi, inasubiri saini ya mkuu wake wa idara.